Simu Isiyopiga Hodi

Nyumba ya kale ya mawe katika mji wa Lamu imejengwa kwa kumfikiria mgeni. Mlangoni kuna daka, yaani kibaraza cha kuingilia chenye viti vya mawe, na hapo mwenye nyumba huweza kumpokea mtu, kusikiliza shida yake na kuimaliza bila ya mtu huyo kufika kiwandani, yaani kwenye ua wa nyumba, sembuse ndani. Anayeambiwa asubiri dakani haoni kuwa amedharauliwa, kwa kuwa mahali pale pamewekwa kwa kazi hiyo. Simu ya mkononi haina daka. Ujumbe wa muuza duka, wa kundi la harusi na wa mtu usiyemjua huingia moja kwa moja hadi chumba cha ndani, na lawama inayosikika kila baraza, kwamba watu siku hizi hawawezi kutulia juu ya jambo moja, naona inafaa ianzie hapo kabla ya kuwarukia vijana na uvivu wao.

Wanaolalamika wana hoja nzito. Mchumi wa Marekani Herbert Simon alieleza mwaka 1971 kwamba habari hula umakini wa anayezipokea, kwa hiyo zinapojaa, umakini ndio unaoadimika. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alipowafuatilia wafanyakazi wa ofisini mwaka 2004, alikuta mtu hukaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia nyingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni muda huo umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Naye mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayeiacha kazi haijaisha na kushika nyingine, sehemu ya fikra zake husalia kule alikotoka.

Hilo la mwisho ndilo linalomgusa fundi wa nakshi. Achongaye maua kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wa mbambakofi, mti mgumu, hufuata mkondo wa nyuzi za mti kwa mkono na jicho pamoja, na patasi ikiteleza, kipande kilichoruka hakirudishiki. Akitazama simu kwa nusu dakika, hasara yake si nusu dakika, kwani itambidi aanze upya kuutafuta ule uzito wa mkono aliokuwa amekwisha kuuzoea.

Hata hivyo, takwimu za ofisi za Marekani haziwezi kubebwa zilivyo na kutua Langoni au Mkomani, mitaa ya Lamu. Tena si kila utafiti umesimama imara: ule wa mwaka 2017 uliodai kwamba simu iliyowekwa mezani tu, hata bila kuguswa, hupunguza uwezo wa kufikiri, umerudiwa na wengine ambao hawakupata matokeo yale yale. Halafu kuna riziki. Oda ya mlango hufika kwa picha na vipimo vilivyotumwa kwa simu, malipo ya awali vivyo hivyo, na mama anayekaanga mahamri alfajiri hupokea wateja wake huku mafuta yakichemka. Kuzima simu ni rahisi kwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, na mara nyingi wanaotuhimiza tuzizime ni hao hao.

Wala tusijidanganye kwamba zamani hapakuwa na kukatizwa. Adhana hukatiza kazi mara tano kwa siku, na nahodha wa jahazi hana hata dakika ya kukodolea kitu kimoja, maana lazima aangalie tanga, upepo, mkondo wa maji na abiria kwa zamu. Lakini nahodha huyo, pamoja na kuzungusha macho, yumo ndani ya jambo moja, nalo ni chombo chake. Adhana nayo ina wakati unaojulikana, hivyo fundi huipanga kazi yake kabla haijamfikia na huweza kurudi palepale alipoishia. Simu haina wakati, na waliotengeneza programu zake hupata faida kila tunapoitazama. Kwangu mimi tofauti ni hiyo: ni nani anayechagua saa ya kukatiza. Ndiyo maana siioni simu kuwa adui wa mwanafunzi anayehifadhi Qurani, ambaye huitumia kusikiliza sura ile ile mara kumi, mradi tu arifa zimenyamazishwa mpaka amalize.

Kwa hiyo ningemshauri fundi aiache simu dakani hadi adhuhuri. Ushauri huo una bei yake, kwani mteja wa Nairobi aliyepiga mara tatu asubuhi huenda saa sita ameshampa kazi fundi mwingine. Mimi ningeikubali hasara hiyo ili mfaa uchongeke vizuri, ingawa nakiri kwamba si watoto wangu wanaoingoja pesa ya mlango huo.