Chapati ya moto, na anayeila mwisho

Katika nyumba nyingi za kaskazini mwa India, anayeamka wa kwanza ni mkaza mwana. Anachemsha chai ya maziwa na tangawizi, anainjika dengu kwenye presha kuka, anawafungia watoto na mume chakula cha mchana. Kisha inakuja chapati. Ya kwao ni nyembamba, haina mafuta. Huvimba juu ya moto kama puto na hupelekwa sahanini papo hapo, moja moja, maana ikipoa imeharibika. Basi wakati wa kula, wengine wamekaa na yeye amesimama jikoni. Yeye hula mwisho.

Sitaki kuibeza familia hii ya pamoja, ambamo wana huoa na kubaki kwa wazazi, jiko likiwa moja. Mtoto akitoka shule humkuta bibi yake. Mgonjwa hauguzwi na mtu mmoja. Wazee wengi wa India hawana pensheni ya kutosha, na tangu 2007 ipo sheria inayomruhusu mzazi aliyetelekezwa kuwadai wanawe matunzo. Nyumba ya pamoja hulimaliza jambo hilo bila baraza lolote.

Lakini nani anailipia? Utafiti wa serikali wa matumizi ya muda wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanawake wanaofanya kazi za nyumbani zisizo na malipo hutumia dakika 299 kwa siku, na wanaume wanaozifanya dakika 97. Uliporudiwa 2024, wanawake walikuwa 289, wanaume 88. Mzigo wa mama ulipungua kidogo, na mkono wa baba nao ukapungua.

Wapo wanaosema dawa ni kuhama: mke na mume wapange fleti yao katika mji mkubwa kama Pune au Bengaluru. Naielewa hamu hiyo. Kula ukihisi njaa, kwenda kwa wazazi wako bila kuomba ruhusa, si mambo madogo hata kidogo, na anayeyaita madogo hajawahi kuyakosa. Ila fleti haimwondoi mwanamke jikoni. Bado anasimama palepale, na sasa hakuna wa kumshikia mtoto, hata akitaka kurudi kazini.

Ndiyo maana siafiki lawama zote kumwangukia mama mkwe. Naye aliingia nyumba hiyo akiwa bibi harusi, akasimama jikoni miaka na miaka, akala chapati zilizopoa. Kiti anachokalia leo ndiyo pensheni yake pekee, na kumwambia ainuke ni kumdhulumu mara ya pili. Aliyekaa pembeni yake, mwanawe mwenye nguvu zake anayesubiri chapati ya tatu, hajawahi kusimama. Aanze yeye. Kusukuma chapati hujifunzwa, na mkewe hakuzaliwa anajua.