Cheo Changu ni Sumaku

Jamani, mimi sikuzaliwa na magoti mabovu. Haya yameharibiwa na kikaangio cha gesi, ile mashine ya kukaangia kwa mafuta mengi. Kila asubuhi, kabla hata sijafunga aproni, nakifungulia kimlango chake cha chini, napiga magoti, nainama mpaka shavu linagusa sakafu, halafu ibada inaanza. Geuza koki hadi kwenye pailoti, ule moto mdogo unaowasha moto mkubwa. Bonyeza. Washa. Shikilia, hesabu mpaka sitini. Achia.

Puu. Umezimika.

Si kwamba hauwaki. Kuwaka unawaka, tena kwa mbwembwe. Ila unataka kushikwa mkono. Dole gumba langu likiwepo, upo. Likiondoka, nao huyoo. Nimelea watoto watatu, hakuna hata mmoja aliyenifanyia hivi wakati wa kulala.

Na huwezi kuwasha tena papo hapo. Lazima ungoje kama dakika tano gesi iliyobaki itawanyike, la sivyo nyusi utaziacha jikoni. Sasa dakika tano hizo ndizo bosi anazochagua kupita. "Mbona umekaa chini?" Nasubiri gesi itoke, bosi. "Kwani inavaa viatu?"

Washauri ndio usiseme. Muosha vyombo kaapa valvu imekufa. Mhudumu kasema gesi imeisha, na jiko la pembeni linaunguruma kwenye bomba hilohilo. Mlinzi, ambaye jikoni huja kuchukua chai tu, kachungulia na kikombe chake akauliza: "Umejaribu kupuliza?" Kupuliza! Moto nautafuta kwa udi na uvumba, yeye ananiambia nipulize. Nilimtoa nje na chai yake.

Nikaamua kuuliza watu wanaojua. Kumbe ule moto mdogo unachoma kijiti cha chuma kiitwacho themopaili, nacho kikipata moto kinazalisha umeme. Kikiwa kizima hutoa milivolti 750 hivi, yaani nusu ya betri moja ya saa ya ukutani. Umeme huo mchache ndio unaoipa nguvu sumaku iliyo ndani ya valvu. Sumaku ikishika, gesi inapita. Ikiachia, valvu inajifunga. Kwa hiyo muda wote ninaobonyeza ile koki, nafanya kazi ya sumaku. Miaka yote hii najiita mpishi, kumbe cheo changu ni sumaku, na mshahara ni uleule.

Fundi akaitwa. Kufika tu, akaomba tuzime feni ya moshi, inampigia kelele. Akawasha, akahesabu, akaachia. Moto ukatulia kama mgonjwa aliyemwona daktari. Dakika kumi nzima! "Ndugu yangu, hapa pana shida gani?" Nikajiona mchawi. Kalipwa, hajafika getini, mpishi mkuu kawasha feni. Puu.

Mara ya pili mambo yakawa yaleyale, ila safari hii kabadilisha themopaili ili asionekane amekuja bure. Puu vilevile. Mpishi mwenzangu akaninong'oneza tuiruke ile themostati ya usalama, tuunganishe waya moja kwa moja, maana nayo ikikatika pailoti haishiki. Nikakataa. Ile ndiyo inayokata gesi mafuta yakifika nyuzi 220 au 230 hivi, kabla hayajawaka yenyewe. Magoti yameshakwenda, sura bado naihitaji.

Siku moja nimelala pale chini nahesabu, nimefika arobaini na kitu, mpishi mkuu akawasha feni. Nikauona kwa macho yangu. Ule moto ulikuwa na ncha ya njano, mlegevu, na upepo ulipovutwa ukapinda pembeni kama nguo kambani, ukakiacha kijiti kinapigwa na baridi. Kumbe unatakiwa uwe wa bluu, ulionyooka, unaokumbatia ncha ya kijiti kama sentimita moja hivi. Wangu ulikuwa unakisalimia tu kwa mbali.

Fundi akarudi mara ya tatu. Nikamwambia feni haizimwi, hata kama hasikii jina lake. Akafungua nozeli ya pailoti. Katundu kenyewe kadogo kuliko unavyodhani, kamejaa masizi na mafuta yaliyoganda. Nikatoa pini kumsaidia, akanipiga kofi la mkono. "Ukikapanua, umeharibu kipimo cha gesi." Basi katasafishwaje? Akachukua bomba la hewa.

Akapuliza.

Sikusema neno. Karudisha kila kitu, kapaka maji ya sabuni kwenye maungio kuona kama kuna povu, hakuna. Akawasha, feni ikinguruma, akaachia. Moto wa bluu, umesimama wima kama askari. Bosi kachungulia: "Kumbe kazi ya nusu saa? Sasa wiki tatu ulikuwa unapiga magoti unaomba nini?"

Habari ikamfikia mlinzi, sijui nani kampelekea. Siku hizi anaingia jikoni bila hodi, anachukua chai vikombe viwili, na wanamwita Injinia.

Mimi nimebaki na dole gumba. Jana usiku mke wangu kaniambia niwashe taa ya chumbani. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka, nikaendelea kushikilia. Nimefika hamsini na mbili ndipo akaniuliza, "Baba, kuna nini?"

Nikamwambia asinisemeshe, atanipotezea hesabu.