Ati Leo Tuvae Kiharamia

Yakhe, mtu akishachoka na sare za Mombasa, achoke kweli. Harusi ya Jumamosi leso za zambarau, harusi ya Jumapili dera za kijani, na fundi bado ana kitambaa cha harusi ya mwezi uliopita. Basi mtu hujinyima, akaweka akiba mwaka mzima, akakata tiketi ya meli ya kitalii, akasema huko katikati ya bahari hakuna shangazi wa bwana harusi atakayemfuata na kipande cha nguo. Jioni ya pili anakuta karatasi mlangoni: leo ni usiku wa mavazi meupe. Kesho maharamia. Keshokutwa miaka ya 70. Lo! Na afadhali harusini, maana ukikosa sare wadandia tuktuk wajiendea zako. Melini utadandia nini?

Tuseme ukweli kabla ya kulalama: si lazima. Safari ya siku 7 kwa kawaida huwa na jioni mbili za mavazi rasmi, na katikati yake wakachomeka usiku mmoja au miwili ya vichekesho. Kila kampuni na mambo yake, kwa hivyo uliza kabla ya kufunga begi, wala usingoje karatasi ya mlangoni, maana hiyo huja ukishakuwa baharini na soko la Kongowea liko mbali. Ukumbi mkubwa wa chakula waweza kukurudisha kwa sababu ya kaptura au fulana isiyo na mikono. Kwa sababu hujavaa kitambaa cha jicho cha kiharamia, hakuna atakayekurudisha. Na ukitaka amani, panda juu kule kwa kujipakulia, ule na suruali yako ya kawaida.

Tabu si sheria. Tabu ni meza. Ukipangiwa meza ya watu wanane, utakaa na watu walewale saba kila usiku, na kila mmoja atakuuliza kwa zamu yake: "Kwani hukujua ni leo?" Utajibu mara saba. Mara ya saba supu imepoa. Kwa hivyo jiunge, yakhe, kwa maana kujiunga ni rahisi kuliko kujieleza. Ila usitoe hata shilingi. Duka la melini linauza barakoa na shanga za plastiki kwa bei ya kumpeleka mtoto shule. Vya kutosha viko kabatini mwako.

Tuanze na uharamia, kwa sababu huo ndio unaoudhi zaidi. Tarehe 5 Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit ilikuwa ikitoka Misri kuja Mombasa. Nje ya pwani ya Somalia wakatokea maharamia wenye bunduki na makombora. Meli ikawafukuza kwa mitambo ya kelele na mipira ya maji, ikabadili njia ikaenda zake Ushelisheli. Mombasa hatukuiona. Aprili 2009 ikawa zamu ya MSC Melody, na yasemwa abiria walisaidia kuwafukuza kwa kuwarushia viti na meza. Baada ya hapo meli za kitalii zikatuhama. Bandarini Kilindini tukakaa tukitazama maji, wauza vinyago wakatazamana wao kwa wao. Na watu hao hao waliotukimbia kwa kuogopa maharamia, leo wakikupakia melini Alhamisi usiku wanakwambia: haya, tuvae kiharamia!

Sawa, tuvae. Kosa la kwanza la mtu wa pwani ni leso kichwani. Leso ni kama mita moja na nusu kwa mita moja. Ukiikunja pembe kwa pembe ukaifunga kisogoni, hutafanana na haramia, utafanana na mtu anayetafuta ndoo ya kujitwisha. Kitambaa cha kichwa kisizidi sentimita 60 kila upande. Chukua shati la pamba la mitumba, kata mgongo wake, pinda kingo, umemaliza. Kiunoni tia kikoi: kikunje kwa urefu mara nne, kizungushe, fundo liwe ubavuni. Ukilifunga mbele watu watadhani unakwenda kulala. Suruali iwe ile kuukuu, uichane pindo kama meno ya papa.

Kitambaa cha jicho ni mabaki ya buibui, vipande viwili vya sentimita saba kwa sita, katikati utie karatasi ngumu ya boksi la viatu, na lastiki ya sentimita 55 hivi. Lastiki ikikaza sana, baada ya nusu saa kichwa kinauma na utasema ni bahari. Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayekwambia: ukifumba jicho moja, macho yanapoteza kipimo cha umbali. Ngazi unaiona iko hapa, kumbe iko pale. Mchuzi unaumimina pembeni ya sahani. Ukitembea, kipandishe kitambaa kwenye paji la uso. Kishushe ukishaketi, na ukishaona sahani ilipo.

Upanga, uache nyumbani. Begi lako linapita kwenye mashine kama la uwanja wa ndege, na chochote chenye sura ya silaha kinachukuliwa kikawekwa hadi mwisho wa safari. Meli nyingine hazitaki hata wa plastiki. Usije ukajitia werevu ukavaa magwanda ya madoadoa ya kijeshi ati wewe ni komando wa kuwakamata maharamia. Hapa kwetu raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na ukifika visiwa kama Barbados na Jamaica, hata mtoto mwenye kaptura ya madoadoa ya jeshi anavuliwa. Wao hawacheki na rangi hiyo.

Usiku wa barakoa upite mbio: barakoa na miwani havikai kwenye pua moja. Chagua kuona au kupendeza. Toga za Kirumi nazo ni rahisi kwetu, maana mwanamume aliyezoea kufunga msuli usimdondoke hatashindwa na shuka, na dada zetu wana pini za mtandio za kutosha kuivisha Roma nzima. Ila shuka liwe lako. Ukitoa la kitandani, anayekutandikia chumba ndiye atakayehesabiwa. Na ukikuta usiku wa Kiafrika, we kaa tu ulivyo. Utazungukwa na watu waliovaa madoa ya chui toka kofia hadi viatu, na mmoja atakuuliza kwa nini wewe hukuvaa.

Jioni rasmi ndiyo inayotia watu hofu ya bure. Wanakimbilia kukodi suti nyeusi yenye kipepeo shingoni, kilo mbili na nusu za mzigo pamoja na viatu, wakati ndege nyingi zinakubali kilo 23 tu za begi la chini. Meli kadhaa zinakubali vazi la taifa kuwa vazi rasmi. Hapo Mkenya anainua kichwa: vazi gani? Mwaka 2004 tulishindanishiwa wabunifu, tukazinduliwa vazi la taifa kwa shangwe, na tangu hapo ukiliona barabarani niite. Lakini mtu wa Mombasa hana shida hiyo. Kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono, viatu vimepigwa rangi. Ndivyo bwana harusi anavyotoka hapa, na hakuna mlinzi wa mlango wa ukumbi atakayethubutu kumwambia bwana harusi arudi akabadilishe.

Usiku wa weupe sasa. Huu ndio wetu, na huu ndio wenye mitego mingi, kwa hivyo sikiliza vizuri.

Usivae shati jeupe na suruali nyeusi. Nakusihi. Mtu mweusi mwenye shati jeupe na suruali nyeusi melini ni mhudumu, na hata ukijikausha kama ukuta utaletewa vyombo vitupu. Ukivaa vyeupe tupu, na shati lina vifuniko vya mabega, umekuwa ofisa. Utaulizwa tutafika saa ngapi na choo kiko wapi. Kanzu ndiyo dawa. Hakuna mhudumu wala nahodha anayevaa kanzu.

Ndani yake vaa msuli mweupe mtupu. Si wa mistari, si wa miraba. Taa za deki zina nguvu, na kanzu ya kitambaa chepesi ikipigwa mwanga kwa nyuma inaonyesha kila kilicho ndani, mtu akisome kama gazeti. Halafu upepo. Sherehe hii hupenda kufanyiwa deki ya juu kabisa, na meli ikikata kilomita 35 au 40 kwa saa, huo peke yake ni upepo. Ukielekea kaskazini msimu wa kaskazi, upepo unakuja usoni na mwendo wa meli unajumlishwa juu yake. Dera zinakuwa matanga. Kofia za nyasi zinaonekana mara moja tu, zikienda. Kofia yetu iliyobana kichwa haiendi popote. Kina dada, tieni pini ubavuni chini ya goti, mbili zatosha, na visigino virefu viachwe chumbani, maana sakafu ya deki ikipata umande inateleza kama ngozi ya pweza.

Pasi hairuhusiwi chumbani kwa sababu ya moto, na hata ile ya mvuke ya mkononi itachukuliwa mlangoni. Meli chache zina chumba cha kufulia chenye pasi; nyingine zinakupigia pasi kwa malipo ambayo yataikunja roho kuliko kanzu. Kwa hivyo kanzu haikunjwi, inaviringishwa. Itandaze, weka leso juu yake, viringisha kama mkeka. Ukifika itundike bafuni, fungua maji ya moto, funga mlango dakika kumi. Bafu la meli ni dogo, mtu akijipaka sabuni kiwiko kinafungua mlango, lakini udogo huo ndio faida yake: mvuke unajaa upesi. Kanzu yenye polista inanyooka vizuri. Ya pamba tupu itanyooka nusu, na nusu nyingine useme ndiyo mtindo.

Doa ni la hakika, liko njiani linakuja. La bizari ukilitia sabuni linageuka jekundu. Usipige kelele, ndivyo manjano yanavyofanya yakikutana na sabuni. Fua, kisha anika juani, jua ndilo linaloifuta rangi hiyo. Sasa ikiwa umekata tiketi ya bei nafuu, chumba cha ndani kisicho na dirisha, jua utalipata wapi? Haya, ndiyo tofauti ya bei hiyo.

Meli nyingine huzima taa za kawaida zikawasha zile za zambarau za kung'arisha rangi, na watu wakanunua bangili za kuwaka. Usinunue. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha weupe, na dawa hiyo ndiyo inayowaka chini ya taa hizo. Kanzu iliyofuliwa nyumbani na unga wa kutosha itang'aa kuliko bangili ishirini. Aliyevaa suti nyeusi ndiye wa kuonewa huruma, kwa sababu kila uzi na kila kipamba kilichomwangukia toka Januari kitaonekana.

Limebaki la Neptune. Meli ikivuka mstari wa ikweta, mfanyakazi mmoja huvikwa ndevu za pamba, taji na mkuki wa meno matatu, akawa mfalme wa bahari, na wanaovuka kwa mara ya kwanza wanahukumiwa mbele yake kando ya bwawa. Mombasa iko digrii nne kusini ya mstari huo. Kwa hivyo ukielekea Unguja au Ushelisheli, uko salama, hamvuki kitu. Ukielekea Omani au Mfereji wa Suez, jiandae: digrii nne ni kama maili 240 za baharini, na mkiondoka Kilindini jua likizama, kesho yake mchana wanaweza kuwa wanakutafuta. Vaa nguo ambayo ingefaa kupaka rangi ukuta, simu iache chumbani, maana utamiminiwa barafu mgongoni, utapakwa krimu na vitu vya utelezi usoni, kisha majini.

Hayo yote mtu anaweza kuyavumilia. Lakini kabla ya kuachiliwa unaletewa samaki ukambusu. Mzima, mbichi, magamba juu yake, ukubwa wa kutosha watu wanne na wali wa nazi, anapitishwa mdomo kwa mdomo kando ya bwawa kwenye jua la saa sita, hata ndimu hajatiwa.