Hapana jamani, sitoi nyota za watu

Kwanza niseme, ile voisi noti inayozunguka kwenye magrupu ya Arusha, eti kuna jamaa anatoa nyota za watu usiku akiwa uchi, ambayo kuna watu wameniforwadia mimi mwenyewe wakiniuliza "unamjua huyu jamaa wa Sakina?", robo tatu ni chumvi. Aliyeirekodi hakuwepo. Alikuwa kwenye simu, nimemuweka laudispika, akasikia tu, na pale alipokosa picha akachora ya kwake. Sikuwa uchi. Nilikuwa na bukta.

Lile tangi langu la samaki wa maji chumvi mnalijua, nilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama nchi. Lilikuja na mawe yake na matumbawe yake, na kwenye mawe vikapanda lifti vinyota vidogo vya baharini, vidudu hai vyenye umbo la nyota, vyeupe vya kijivujivu, saizi ya ukucha. Wafugaji wanaviita asterina. Mwanzoni nikavipenda, kimoja nikakitupia stetasi mkanijazia makopa. Sasa hicho kidudu hakihitaji hata mwenza. Kinajikata chenyewe katikati kikiwa hai, kila nusu inaota mikono iliyopungua, ndo maana ukivitazama mkono huu mrefu ule mfupi, hakuna kilichonyooka. Ukiwasha tochi usiku kioo kimejaa.

Wafugaji wanagombana juu ya hivi vitu balaa. Wengi wanasema viache, vinakula ukoga wa kwenye kioo tu. Wengine wanaapa vinakula zoantidi, vile vimatumbawe laini vinavyochanua, na wapo wanaosema hapana, vinafuata zile zilizokwisha kuumwa. Hoja nzuri sana hizo zote, ila zoantidi ni zangu na nilizikuta zimejifunga, vinyota vimekaa juu yake vimetulia kabisa. Nikasema leo leo.

Kumbe usiku huohuo jumuiya ilikuwa inasali kwa mama mwenye nyumba, hatua chache tu toka dirishani kwangu, na umeme ukakatika. Plot nzima giza isipokuwa chumba changu, maana nimeweka betri na inveta, pampu ikizima muda mrefu samaki wanakosa hewa. Na taa ya tangi ni ya bluu. Jiwekeni nafasi ya wale akina mama. Giza, dirisha moja linawaka bluu, na humo ndani inatoka sauti yangu: "Leo nazitoa zote! Nikiacha hata kipande, inajizaa upya!" Na sauti nyingine ya kwenye simu inajibu: "Anza na zile kubwa." Na mimi: "Kubwa zote zimeshaingia kwenye kikombe."

Wenyewe walikuwa wanakuja tu kuomba waya wa ekstensheni.

Sasa hapa twende taratibu. Niko juu ya stuli, kifua wazi, mkono wa kushoto umezama tangini mpaka kwapani nimeshika mdomo wa mpira. Mpira wenyewe ni ule wa leveli wa mafundi ujenzi, unaoonyesha ndani. Ncha ya pili iko kinywani kwangu, navuta maji yaanze kushuka yenyewe kwenye ndoo. (Msivute kwa mdomo. Kuna zoantidi zenye sumu inaitwa palitoksini, si ya kuchezea kabisa, kuna vipampu vidogo vya kubonyeza kwa mkono, tafuteni.) Navuta. Naona maji yanapanda. Naona na kinyota kimeng'oka kwenye jiwe kimeingia mpirani, kinapanda nacho kinazungukazunguka, na akili inaniambia toa mdomo, toa mdomo, na ndo hapo mlango unafunguliwa na mama mwenye nyumba anasema, "Tumsifu Yesu Kristo!"

Jamani mimi nimelelewa Kibosho. Hiyo salamu haiombi ruhusa, inajijibu.

"Miwewe amiwa," nikasema, kinyota kikiwa juu ya ulimi.

Na hakikulala tu. Kina vimiguu vidogo vidogo chini ya tumbo, kikashika ulimi, kikaanza kutembea kuelekea ndani. Kina mama wanne wamesimama na rozari mkononi wanatazama mtu wa bluu ametoa ulimi nje, katikati ya ulimi pana nyota. Nikaibandua kwa kucha, nikaiweka kwenye kikombe na wenzake. Hakuna aliyesema neno. Mama mwenye nyumba akasogea, akachungulia kikombe, akaniangalia.

"Baba, hizi ni za kina nani?"

Kabla sijajibu, mama mmoja wa nyuma, mpole, yule ambaye kijana wake amemaliza chuo na ajira hamna, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ya mwanangu imo humo?"

Jamaa kwenye simu akacheka mpaka akakata.

Huku nyuma mpira ulishaniponyoka, maji chumvi yanamwagika kapeti zima mpaka kwenye viatu vya watu, basi nikapiga deki, nikaeleza, nikaonyesha picha kwenye simu, nikapigiwa sala ndefu, ekstensheni wakachukua, yakaisha. Nilisukutua kinywa mpaka usiku wa manane, nashukuru niko mzima.

Mnaonishauri ninunue yule uduvi wa madoadoa anaitwa halekwini, namjua. Chakula chake ni nyota tu, atamaliza tangi zima. Ila zikiisha inabidi umtafutie nyingine asife njaa. Yaani nianze kununua nyota kwa watu, halafu mama mwenye nyumba asikie. Hapana, naokota kwa koleo ndogo ya nyusi, mlango nimefunga kwa komeo.

Na wewe dada wa Ngaramtoni uliyenitumia jina lako kamili, jina la mama yako na nauli: hela nimerudisha, angalia simu.