Yanga tano Simba moja, herufi ndogo zote

Wakuu, najua voisi imeshawafikia. Jamaa aliyeirekodi anadai nililia ndani ya chumba cha seva. Sikulia. Kiyoyozi cha kile chumba kinamwaga vumbi, anayebisha aje akae chini yake.

Jana ilikuwa tarehe 20, na wenye ofisi mnaijua: ritani ya VAT. Mimi ndiyo siku niliyoona inafaa kufunga tovuti za kubeti. Seva yetu ya DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, ni PowerDNS Recursor, nayo inakubali uiwekee skripti ya Lua, lugha ndogo ya programu. Kila jina linaloulizwa linapita kwanza kwenye skripti yako, na ukiamua, unalijibu uongo. Orodha ya tovuti za mikeka nikaiweka kwenye faili la JSON (maandishi yaliyopangwa kwa mtindo wa kompyuta), na ya kuisomea nikaita moduli ya dkjson, kipande cha Lua kilichoandikwa na wengine. Kwenye laptopu ilifanya kazi safi kabisa.

Sasa ile programu ina ustaarabu wake. Ukiiagiza kwa rec_control, amri yake ya kuiongoza, isome skripti upya, na skripti ikawa mbovu, inabaki na ya zamani, hakuna atakayejua. Mimi nikairistati nzima nzima. Ikianza upya ikakuta skripti haisomeki, haiamki. Systemd, msimamizi wa programu za seva, inainua, inaanguka. Inainua, inaanguka. Moduli haipo, inasema, halafu inakuorodheshea kila folda iliyopekua.

Dawa si ipo? Amri ya kushusha moduli za Lua: luarocks install dkjson. Jibu: luarocks.org haijulikani iko wapi. Itajulikanaje, na wa kuulizwa ndiye huyo kalala mbele yangu?

Korido ikaanza kujaa. Mama wa uhasibu: "Mwanangu, mtandao umekwenda wapi? Nilikuwa nabonyeza tuma!" Bosi nyuma yake, simu kaiinua juu. Bando langu lilikuwa limekata tangu asubuhi (msiniulize). Aliyekuwa nalo ni mzee wa getini, anayeangalia marudio ya mechi zamu nzima. Nikamkimbilia, korido nzima nyuma yangu.

"Shikamoo mzee. Naomba hotspoti."

"Marahaba. Nimeshawasha. Paswedi unaijua."

"Siijui, mzee."

"Unaijua."

Hapa someni polepole, maana voisi imeparuka. Mzee anajua mimi ni Simba, hata kava la laptopu ni jekundu. Akajiweka sawa kwenye kiti, akavua kofia, akaiweka gotini. "Tarehe 5 Novemba 2023 kulitokea nini?"

Kimya.

"Mwanangu jibu, ritani!" Huyo mama wa uhasibu.

Nikasema kwa sauti ya mtu aliye msibani: "Yanga tano..."

"Sisikii."

"Yanga tano, Simba moja."

"Bila nafasi, herufi ndogo zote. Andika, naangalia kidole."

Nikaandika. Ikakataa. Nikachungulia: tano nimempa Simba. Vidole vina mapenzi yake jamani! Korido nzima ikacheka, na aliyecheka kupita wote ni bosi. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua kuwa bosi ni Yanga.

Nikarudia. Ikakubali. Moduli ikashuka, nikaibeba na flashi mpaka kwenye seva, nikawasha.

Haipo.

Ipo, nimeiweka kwa mkono wangu! Kumbe laptopu yangu ni Lua 5.4, nami nikaipeleka kwenye folda ya 5.4 vilevile. PowerDNS yetu imeundwa kwa kutumia LuaJIT, injini ya Lua inayofuata Lua 5.1, toleo la 2006, na folda yake ni ya 5.1. Lile kosa lilikuwa linaniandikia 5.1, 5.1, 5.1 mstari baada ya mstari tangu mwanzo, mimi nasoma wa juu tu.

Hapo ndipo jamaa wa voisi alipoingia na andazi mkononi. Akafungua recursor.conf, faili la mipangilio, akaweka alama ya reli (#) mbele ya mstari wa lua-dns-script ili skripti isisomwe, akawasha. Mtandao huo! Andazi hata hakuliweka chini.

(Na wewe unayetaka kuniandikia "si ungeweka 8.8.8.8 kwenye resolv.conf", yaani seva iulize DNS ya Google badala ya yetu, tulia, bosi ameshaniambia. Sijui nani kamfundisha. Namjua.)

Ritani ikaenda. Jioni nikahamishia dkjson kwenye folda ya 5.1, mikeka ikafungwa, na leo nusu ya ofisi hawanisemeshi. Mzee nikamrudishia hela ya bando, akakataa. Anataka picha moja tu, mimi getini nimevaa kijani na njano. Jezi ameshanunua. Saizi yangu kaiulizia kwa mama wa uhasibu.