Koili Moja, Laki Nane

Jumamosi asubuhi nilicheka peke yangu mbele ya nyumba hapa Coventry, Uingereza, mpaka jirani akachungulia juu ya uzio kuona kama niko salama. Nina kigari cha Mazda MX-5 cha 2006, cha watu wawili, kimelala chini kiasi kwamba matuta ya barabarani ya Usa River, kule nyumbani Arusha, yangekipasua tumbo siku ya kwanza. Kwa siku mbili kilikuwa kinamisi (injini inakatakata) kila nikikanyaga mafuta, na taa ya injini inapepesa. Nikachomeka kile kidude cha kusoma makosa ya injini, cha chini ya paundi 20, simu ikaniandikia P0302: silinda namba mbili haichomi. Nikahamisha koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuchoma mafuta, ya namba mbili kwenda namba tatu, ya tatu ikaja mbili, nikafuta kosa, nikapiga stati, nikazunguka mtaa. Safari hii ikaandika P0303. Ugonjwa umehama na koili. Dakika ishirini, na sijanunua hata nati.

Hapo ndipo nikacheka, maana nilikumbuka Altezza, Toyota niliyokuwa nayo nyumbani.

Mlioniona nayo Njiro mnaijua: nyeusi, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono. Mwaka mmoja kabla sijaondoka ikashikwa na ugonjwa huu huu. Nikaipeleka gereji moja kule Unga Limited. Fundi akafungua boneti, akaniambia "piga resi", akainamisha kichwa kama daktari wa kifua, akatoa hukumu: "Kaka, hii ni pampu ya mafuta." Tukanunua pampu. Kisha plagi nne. Kisha nozeli zikasafishwe. Kisha kontroo boksi (kompyuta ya injini) ya mtumba, wiki nzima tunaisubiri itoke Dar. Laki nane imeshateketea, gari bado linakohoa. Lililoliponya ni kijana mmoja, deiwaka tu (kibarua) wa pale, aliyechomoa koili kwenye Altezza nyingine iliyokuwa imekufa pembeni akajaribishia kwangu. Koili moja!

Nawasikia tayari. "Huyo kakaa Ulaya miaka minne, leo anatufundisha kufungua boneti." Ndugu zangu, sijasema mafundi wetu hawajui kazi. Fundi yule yule aliyenilia laki nane alinikatia gasketi kwa mkono kutoka kwenye karatasi nene, ikashika miaka miwili. Bolti ikikatika, anapeleka kwa mtu wa kerezo, jioni unaondoka. Hapa bolti ikikatika kwa kutu (na zinakatika kweli, wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu), gereji inakuambia bora ubadilishe kitu kizima, halafu inakutajia bei ya saa moja ya fundi mpaka unaomba kiti. Watu hapa wanajitengenezea magari si kwa sababu wana akili kuliko sisi. Wanaikimbia hiyo bei.

Kinachoniudhi ni kimoja: nyumbani tunabadilisha kwanza, tunapima baadaye. Na wala hatukuzaliwa hivyo. Mzee aliyekuwa anatengeneza Peugeot 504 ya baba, Moshi, alikuwa anaiacha injini ikiunguruma, anachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Akichomoa mlio ukabadilika, silinda hiyo ni nzima. Akichomoa mlio ukabaki vile vile, amempata mgonjwa. Hakuwa na mashine yoyote, alikuwa na kitambaa tu cha kujikinga asipigwe shoti.

Kwa hiyo msiniambie "huko kuna mashine, huku hakuna". Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ile, Altezza ikiwemo, hata hazisikilizani vizuri na hivi vidude vya simu. Lakini pale chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16. Unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kupepesa namba ya kosa. Unahesabu. Ila usibahatishe tundu, maana la 16 lina moto wa betri moja kwa moja.

Sasa kwa nini fundi hafanyi hivyo? Hapa ndipo mtakaponichukia. Kwa sababu yetu sisi wateja. Fundi akitumia saa nzima kupima, halafu akuambie tatizo ni koili moja, utampa shilingi ngapi kwa hiyo saa? Mimi nilikuwa natoa elfu tano, tena huku nanuna: "Si umeangalia tu?" Lakini akishika pampu mkononi nalipa bila neno, kwa sababu pampu naiona. Saa ya kupima haionekani. Laki nane zile robo yake ningempa mapema kwa kupima tu, sote tungelala vizuri.

Altezza sasa anayo mdogo wangu. Juzi akanipigia. "Bro, inamisi tena. Fundi anasema pampu."

"Dogo, usinunue kitu. Tafuta waya."

Akanitumia video. Vichwa kama kumi vimejazana mlangoni, wengine hata sijui wametoka wapi, na hilo nakiri nalikosa sana. Mimi hapa tochi naishika kwa meno. Wote wanahesabu kwa sauti, fundi mwenyewe ndiye anaongoza. Moja. Wakanyamaza. Moja, mbili, tatu, nne. Mabishano yakaanza, kuna aliyeona tano. Wakarudia. Moja. Kimya. Moja, mbili, tatu, nne.

Kumi na nne. Kwa Toyota hiyo ni upande wa umeme wa koili. Fundi akanyoosha mgongo, akafuta mikono, akamwambia dogo, "Nilikuambia mimi, hii siyo pampu."