Miaka 11 ya Kusubiri

Ikizungumzwa habari ya serikali, viwanda na vyuo vikuu kushirikiana, lawama hazikawii kuiangukia serikali: haijui biashara, hubeba kampuni kwa kujuana, fedha za umma zinapotea. Yapo mataifa yaliyoungua hivyo. Lakini mimi naona mchango wake haueleweki vizuri, na Taiwan inaonyesha kwa nini.

Mwaka 1976 taasisi ya utafiti ya serikali, ITRI, ilinunua teknolojia ya chipu kutoka kampuni ya RCA ya Marekani. Ilikuwa teknolojia ya mikroni 7 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), iliyokwisha kupitwa. Ukitazama mitambo peke yake, utasema waliuziwa mtumba. Ila mkataba ulikuwa na mafunzo ndani yake. Wahandisi vijana walipelekwa kwenye viwanda vya RCA, wakashika kazi kwa mikono yao, hatua kwa hatua, mpaka kisahani cha silikoni, kile kinachobeba chipu, kikatoka kizima. Waliporudi, ujuzi ulirudi nao.

Mwaka 1980 ITRI ikazaa kampuni ya chipu ya UMC, na mwaka huohuo eneo la viwanda vya teknolojia likafunguliwa Hsinchu, jirani na vyuo vikuu vya Tsing Hua na Chiao Tung. TSMC, leo kinara wa dunia wa kutengeneza chipu kwa niaba ya kampuni nyingine, ikaja 1987 chini ya mhandisi Morris Chang. Serikali iliweka karibu nusu ya mtaji, kampuni ya Philips ya Uholanzi zaidi ya robo, na baadhi ya matajiri wa nyumbani waliingia baada ya kusukumwa.

Toka 1976 hadi 1987 ni miaka 11. Hapo ndipo ninapokwama kila nikisikia kwamba soko lingejiendesha lenyewe. Benki gani ingengoja muda huo? Chuo kina vichwa, hakina mtaji. Kampuni ina mtaji, lakini wenye hisa wanataka gawio.

Wasomi nao wana hofu ya haki. Mfadhili anaweza kuzuia matokeo yasichapishwe, na utafiti usio na mnunuzi ukafa njaa. Ujerumani, taasisi za utafiti za Fraunhofer hupunguza hatari hiyo kwa kutotegemea viwanda kwa zaidi ya takriban theluthi ya mapato ya utafiti.

Hofu ya upendeleo ndiyo nzito zaidi, maana serikali ikishaonja faida huwa ngumu kutoka. Taiwan ilitoka polepole, ikauza hisa kidogokidogo. Leo mfuko wake wa maendeleo umebaki na asilimia 6 hivi ya TSMC.